Hesabu ya Philadelphia Si Hesabu ya Musoma

Muulize daktari wa macho wa Afrika Mashariki uvimbe wa tundu la jicho ni tatizo kubwa kiasi gani, na kwa kawaida utapata majibu mawili: ni ugonjwa wa nadra, na mwingi wake si saratani. Majibu hayo yamo katika vitabu wanavyosomea wanafunzi wetu, yamo katika mihadhara, na yanafika mpaka kwenye vikao vinavyogawa fedha za dawa, ambako kauli ya mtaalamu hupokewa bila kuulizwa. Mimi nayapinga yote mawili. Yana madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto wa umri wa chekechea wanaofikishwa hospitali wakati jicho limeshatoka nje ya kope.

Tundu la jicho ni pango la mfupa lenye ujazo wa mililita 30 hivi. Ndani yake mna jicho lenyewe, misuli inayolizungusha, neva inayopeleka picha kwenye ubongo, tezi ya machozi, mishipa ya damu na mafuta. Mfupa hautanuki, kwa hiyo chochote kikiota humo, jicho ndilo linalosukumwa nje. Kinachoota kinaweza kuwa kimeanzia humo humo, au kimepenya kutoka jirani, yaani ndani ya jicho, puani, kwenye taya, kwenye ubongo, au kimesafiri kutoka mbali kwa njia ya damu. Ndiyo maana swali la uvimbe upi hutokea mara nyingi zaidi ni gumu kuliko linavyoonekana.

Chanzo kinachotajwa sana ni kazi ya Jerry Shields, Carol Shields na mwenzao, iliyochapishwa mwaka 2004. Walipitia wagonjwa 1,264 waliofika kwenye idara yao ya saratani za macho katika Hospitali ya Macho ya Wills, mjini Philadelphia, Marekani. Ni kazi kubwa, imefanywa kwa uangalifu, na sina ugomvi nayo. Walikuta asilimia 64 wana uvimbe usio saratani na asilimia 36 wana saratani. Uvimbe wa mishipa ya damu uliongoza kwa asilimia 17. Ule uliopenya kutoka viungo jirani ulikuwa asilimia 11, sawa na ule wa tishu kuwaka bila vijidudu. Wa limfu na saratani ya damu asilimia 10. Na uliosambaa kutoka sehemu nyingine za mwili asilimia 7. Kisha wakagawa kwa umri, na hapa ndipo wasomaji wengi hupita haraka. Kwa wenye umri wa hadi miaka 18, saratani ilikuwa asilimia 20. Kwa watu wa miaka 19 hadi 59, asilimia 27. Kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea, asilimia 58.

Basi hata kabla hatujavuka bahari, dai la kwamba mwingi si saratani limeshaanguka. Kwa mzee wa huko huko Philadelphia, saratani ndiyo iliyo nyingi. Ile asilimia 64 imechanganya wajukuu na mababu katika fungu moja, na anayeitoa kama jibu kwa kila mgonjwa hajalisoma jedwali hadi mwisho.

Halafu kuna suala la nani aliyeingia kwenye hesabu. Mvuvi anayetega dema miambani atarudi na changu na tewa, na hata akiwahesabu wote kwa uaminifu hawezi kukuambia kuna papa wangapi bahari kuu. Wills ni kituo cha rufaa kinachosifika duniani kwa uvimbe wa macho. Melanoma, saratani ya chembe za rangi, inayoanzia ndani ya jicho kisha ikatoboa kuingia kwenye tundu ina nafasi yake katika jedwali lao, kwa sababu ni ugonjwa wa watu weupe zaidi na idara hiyo inajulikana kwa kuutibu. Kwa Waafrika, melanoma hiyo hutokea mara chache sana. Kwa upande mwingine, retinoblastoma, saratani ya watoto inayoanzia kwenye retina, ikiwa imetoka nje ya jicho, hali ambayo wodi zetu za watoto zinaijua vizuri mno, ni sehemu ndogo kabisa ya jedwali lile. Watoto wa kule hawangojewi mpaka wafike hapo.

Na liko kosa kubwa zaidi la kusoma. Jedwali la hospitali linaeleza jinsi waliofika walivyogawanyika. Halina idadi ya watu wa miji na vijiji walikotoka wagonjwa hao. Kwa hiyo haliwezi kumwambia mtu yeyote kwamba ugonjwa ni nadra au ni wa kawaida, si Marekani, si Tanzania. Anayelitumia kusema hivyo anajibu swali ambalo jedwali halikuulizwa.

Tezi ya machozi inathibitisha hili bila kutoka Marekani. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kanuni ya nusu kwa nusu: nusu ya uvimbe wa tezi hiyo unatokana na chembe za tezi yenyewe, nusu ni wa kuwaka kwa tishu au wa limfu, na katika ule wa tezi yenyewe, nusu ni saratani. Kanuni nyepesi, inayokaa kichwani siku ya mtihani. Mwaka 1989 Shields na wenzake walipochapisha mapitio ya wagonjwa 142, uvimbe wa chembe za tezi yenyewe ulikuwa asilimia 22 tu, na ule mwingine asilimia 78. Tezi za Wamarekani hazikubadilika. Kilichobadilika ni wagonjwa waliowekwa kwenye hesabu. Ikiwa ndani ya nchi moja namba inaweza kuyumba hivyo, kwa nini tuichukue namba yao tukaibandika Musoma, Tanzania, au Arua, Uganda, kana kwamba ni uzito wa maji?

Sasa turudi nyumbani, maana wenzangu huniambia: hata hapa kwetu rejesta za saratani zinaonyesha uvimbe wa tundu la jicho ni wa kuhesabu kwa vidole. Ni kweli, zinaonyesha hivyo. Lakini tazama rejesta inavyojazwa. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha saratani, jicho na viungo vyake vina namba C69, na tundu la jicho ni C69.6. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt iliyojaza tundu huhesabiwa kwenye fungu la limfoma, popote pale ilipoota. Mwenye retinoblastoma iliyotoboa jicho hubaki kwenye retina, C69.2, kwa kuwa ndiko ilikoanzia. Saratani ya utando wa juu ya jicho, hata ikila mpaka mfupa, ni C69.0. Saratani ya puani iliyosukuma jicho ni ya pua. Na uvimbe usio saratani, kwa kawaida, hauandikwi kabisa, kwa sababu rejesta ni ya saratani. Ukishatoa wote hao, kinachobaki kwenye C69.6 lazima kiwe kiduchu. Mfumo huo ni halali kwa kazi yake, ambayo ni kufuatilia ugonjwa unakoanzia. Ila mama hapeleki C69.2 hospitali. Anampeleka mtoto ambaye jicho limetokeza.

Hata kufika kwenye rejesta ni safari. Fungua daftari la wagonjwa wa nje la kituo cha afya cha kawaida, usome safu ya ugonjwa. Utakuta “jicho limevimba”, “jicho jekundu”, “maambukizi ya jicho”. Kwenye safu ya matibabu: mafuta ya tetrasaikilini. Mama ameambiwa, “Endelea na mafuta haya, urudi baada ya wiki.” Wiki inapita, anarudi, safari hii anapewa vidonge. Mara ya tatu linaandikwa neno “rufaa”, na baada ya neno hilo daftari halijui tena chochote. Nauli imepatikana au haikupatikana, mtoto amefika mkoani au amepelekwa kwa mganga wa kienyeji, hakuna anayeandika.

Waliofika wanakutana na kizingiti kingine. Mpasuaji anakata kipande cha uvimbe, anakitia kwenye kichupa chenye fomalini, anabandika plasta yenye jina. Katika hospitali nyingi ndugu wa mgonjwa ndiye anayekibeba kichupa kile kwenye mfuko wa nailoni na kukipeleka maabara ya patholojia, akalipe kwanza ndipo kipokelewe. Kuna vichupa visivyofika. Kuna vinavyofika na kukaa wiki nyingi, majibu yakatoka wakati mgonjwa ameshazikwa. Takwimu za maabara zetu ni za wale waliomudu hatua zote hizo. Kisha tunazisoma na kusema: mnaona, ni wachache.

Historia ya Uganda ingetosha peke yake kutufundisha adabu mbele ya tabia hii. Mwaka 1957 daktari wa watoto Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, katika Hospitali ya Mulago, amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye Burkitt akaona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja, akaanza kupekua kumbukumbu. Mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe ule. Watoto wale hawakuwa wameanza kuugua mwaka huo. Walikuwepo wodini miaka yote, ila walikuwa wametawanyika: wa taya ameandikwa kwa jina moja, wa jicho kwa jingine, wa tumbo kwa la tatu. Kila daktari alimwona mmojammoja, na kila mmoja akadhani ameona kioja. Gregory O’Conor na Jack Davies, wataalamu wa patholojia wa Kampala, walipokusanya saratani za watoto pamoja, limfoma ndiyo iliyojitokeza mbele ya zote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari kuukuu aina ya Ford kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, mwendo wa kama kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanaujua uvimbe ule. Ramani iliyotokea ilifuata joto na mvua, na baadaye ikaonekana inafuata malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakiwa London waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1967 kikafunguliwa Kampala kituo cha kutibu limfoma, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Haya yote yalianza kwa mtu mmoja kukataa kukubali kwamba alichokiona ni kioja cha nadra.

Mwaka 1971 A. C. Templeton, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa Kampala, alichapisha kazi juu ya uvimbe wa tundu la jicho kwa watoto wa Kiafrika. Limfoma ya Burkitt, uvimbe ule uliokuja kupewa jina lake, ndiyo iliyoongoza. Uvimbe wa mishipa ya damu, unaoshika nafasi ya kwanza Philadelphia, haukuwa na nafasi hiyo. Kabla yake, mwaka 1965, Davies na Owor walikuwa wameshaandika kuhusu kloroma, saratani ya damu inayojitokeza kama uvimbe, mara nyingi karibu na macho, kwa watoto wa Uganda. Kazi hizi zina zaidi ya nusu karne, zimefanywa karibu na Ziwa Viktoria lile lile la Musoma, na bado mwanafunzi wetu anakariri rabdomayosakoma kuwa saratani ya kwanza ya tundu la jicho kwa mtoto, kwa sababu ndivyo kitabu cha Marekani kinavyosema. Rabdomayosakoma tunaikuta na sisi. Lakini mtoto wa kanda ya Ziwa mwenye miaka mitano, aliyevimba shavu, ambaye meno yake yameanza kulegea kabla ya wakati na jicho linapanda juu, ana Burkitt mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Na ni katika saratani chache zinazoweza kunywea ndani ya siku chache baada ya dozi ya kwanza ya dawa ya mshipa. Daktari anayeanzia kwenye “mwingi si saratani” akampangia mtoto huyo kliniki ya mwezi ujao, amemhukumu.

Retinoblastoma nayo inavunja dai la unadra kwa namna nyingine. Kwa kuzaliwa, haina upendeleo mkubwa wa nchi: ni kama mtoto mmoja katika kila watoto 15,000 hadi 20,000. Kinachotofautiana ni inapokutwa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliokusanya watoto 4,351 kutoka nchi 153, wote walioonekana mwaka 2017. Katika nchi tajiri, nusu ya watoto walikuwa wametambuliwa kabla ya kufikisha miezi 14 hivi. Katika nchi maskini, miezi 30 na nusu. Katika nchi tajiri, saratani ilikuwa imeshatoka nje ya jicho kwa asilimia 1.5 ya watoto. Katika nchi maskini, kundi ambalo Tanzania na Uganda zilikuwamo mwaka huo, ilikuwa asilimia 49.1.

Tafadhali soma tena namba hizo mbili. Ugonjwa ule ule, umri wa kuanza ule ule, lakini kwa mmoja ni ugonjwa wa ndani ya jicho na kwa mwingine, takribani mara moja kati ya mbili, umeshavuka mpaka na mara nyingi ni uvimbe wa tundu la jicho. Miezi 16 ndiyo inayotenganisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uvimbe wa tundu la jicho kwa watoto wetu inatengenezwa na kuchelewa, na kuchelewa kunalishwa na imani kwamba kitu hiki ni nadra mno kustahili kutafutwa. Imani inazaa wagonjwa, kisha inakataa kuwahesabu.

Wala hesabu haisimami mahali pamoja. Jijini Kampala, saratani ya utando wa juu ya jicho ilikuwa ikiwapata watu sita katika kila milioni kwa mwaka kati ya 1970 na 1988. Mtafiti Ateenyi-Agaba alipochapisha takwimu zake mwaka 1995, kiwango cha mwaka 1992 kilikuwa kimefika 35 katika kila milioni, na VVU ndivyo vilivyokuwa nyuma yake. Ugonjwa uliokuwa wa wazee wa kitabuni ukawa wa kina mama wenye miaka thelathini na kitu. Ukiachwa, hupenya mpaka kwenye tundu, na hapo kinachobaki ni kuondoa jicho na kila kilichomo. Ukiwahiwa ni habari nyingine kabisa: Stephen Gichuhi na wenzake walionyesha nchini Kenya, mwaka 2016, kwamba matone ya fluorourasili baada ya upasuaji yalipunguza kurudi kwa ugonjwa ndani ya mwaka mmoja kutoka asilimia 36 hadi 11. Utafiti kama huo haufanyiki mahali ambapo watu wameshakubaliana kwamba tatizo halipo.

Zipo hoja mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni ya waganga wa vituo: jicho lililovimba ghafla kwa mtoto mwenye homa mara nyingi ni usaha uliotoka kwenye vyumba vya pua, si saratani, na ukianza kwa kumtisha mama umeharibu. Nakubali. Anzeni na antibiotiki, na anzeni mapema. Ila maambukizi yanayoitikia dawa huonyesha nafuu ndani ya siku mbili. Isipoonekana, mtoto apelekwe kwenye picha ya CT siku hiyo hiyo, asibadilishiwe vidonge. Sina shida na dozi ya kwanza ya antibiotiki. Nalaumu ya tatu.

Hoja ya pili ni ya fedha: kati ya malaria, mtoto wa jicho na wajawazito, nani atatenga bajeti kwa ugonjwa huu? Lakini ninachodai kwa sehemu kubwa hakina bei ya kutisha. Kumulika tochi ndogo kwenye macho ya mtoto katika chumba chenye giza siku ya chanjo, kutazama kama mboni inarudisha wekundu au weupe, ni kazi ya dakika mbili ambayo muuguzi wa zahanati anaweza kufundishwa. Kumwamini mama anayesema jicho la mwanawe linang’aa kama la paka usiku hakuhitaji mtambo wowote. Dawa za Burkitt ni za zamani na si za gharama za kutisha zikilinganishwa na dawa mpya za saratani. Upasuaji wa kuondoa kila kilichomo kwenye tundu, mionzi ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road na miezi ya kulazwa ndivyo vyenye gharama, na hivyo ndivyo tunavyonunua tukichelewa.

Kwa watu wazima mgawanyo ni mwingine, na humo hofu ya saratani isizidi kiasi: meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo unaokua polepole, usaha na ute uliozibwa kwenye vyumba vya pua, uvimbe wa tezi ya machozi usio saratani ambao unapaswa kutolewa mzima bila kukatwa kipande, maana ukikatwa unaweza kurudi. Hao wengi hawafiki kliniki ya macho. Wa pua wako kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Wa ubongo wako kwa wapasuaji wa ubongo. Wa limfoma wako wodi ya saratani. Kila idara inao wachache, na kila idara inasema ni nadra, kama walivyosema Mulago kabla ya 1957.

Vitabu vya maabara za patholojia za hospitali za Muhimbili, Bugando, Mulago na Kenyatta vipo. Ninachotaka ni madaktari wa idara hizo wakae meza moja na kuandika orodha moja ya kila mgonjwa ambaye jicho lilisukumwa nje ya tundu lake, awe na majibu ya maabara au asiwe nayo: umri, wilaya, tarehe mama alipoona dalili ya kwanza, kituo cha kwanza alichokwenda, alichopewa huko, na tarehe mgonjwa alipopata dawa sahihi kwa mara ya kwanza. Orodha hiyo ikishakuwepo, mhadhiri aje darasani na namba za kanda yake, na jedwali la 2004 alionyeshe baada ya hapo, likiwa na jina la mji lilikotoka limeandikwa juu kwa herufi kubwa.